Shamba Lisilo na Pengo

Bibi yangu hawezi kuliona pengo kwenye shamba la mpunga akatulia. Hata kama shamba si lake. Akipita juu ya kingo akaona mahali mche umekufa na hapajapandwa mwengine, husimama, hushika kiuno, husema, "Huyu naye kafikwa na nini? Mgonjwa?" Kijijini kwao, kusini, bonde la mpunga ni la wanawake, na wanawake hutazamana mistari kama watu wa mjini wanavyotazamana nguo harusini. Mstari ukiwa na pengo, basi mwenyewe mgonjwa, au mvivu, au ana msiba hajawaambia wenziwe. Kwa hivyo kila mmoja huweka miche ya akiba kwenye pembe ya kitalu chake. Mche ukifa leo, kesho mwengine ushasimama pale pale, na mpita njia hajui kama palitokea kitu.

Haya nnayajua tangu mdogo. Mamdogo anayajua zaidi yangu, maana kalelewa mumo humo. Lakini hata mmoja wetu hakuyafikiria siku tulipokwenda kumuomba bibi shamba.

Mamdogo ni mdogo wake mama, kitinda mimba wa bibi. Anakaa nasi mjini, Kikwajuni, na mimi na yeye tunalala chumba kimoja. Anafanya kazi kwenye mradi wa mbegu. Si mkubwa huko. Yeye ndiye anayekata majani, anayeandika namba, anayekwenda mashambani na mabuti yake ya mpira. Husema sana. Mimi sisemi. Nikiulizwa kitu mbele za watu, maneno yananikwama hapa kooni, na skuli hata jibu nnalolijua linanikimbia mwalimu akinitaja. Watu wote hunihimiza: sema, sema, una nini wewe. Mamdogo alikuwa hanihimizi. Akizungumza huniachia nafasi kidogo, nisipoitumia anaendelea na hadithi yake kama vile nshajibu. Kwa jambo hilo tu nilikuwa nampenda kuliko watu wote nyumbani.

Bonde la bibi liko karibu na mkono wa bahari. Zamani maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yakiishia kwenye mikoko. Siku hizi yanapanda, yanapita mikoko, yanaingia mpaka kwenye mpunga, na yakirudi yanaacha weupe juu ya udongo. Bibi ana mpunga wake wa zamani, kaachiwa na mama yake, huo chumvi hauijali. Lakini unachelewa. Masika nayo siku hizi yanakatika mapema, basi ule mpunga unakaukiwa suke lingali na maziwa. Kuna mpunga mwengine mfupi, wa kuletewa, unaowahi kabla mvua haijaondoka. Huo ukiguswa na chumvi siku moja tu unakuwa manjano. Wanawake walikuwa wakipanda huu, wakipanda ule, na mwisho wengi wakaliacha bonde, wakenda kwenye mwani au kufuma kofia. Bibi alisema akikosa na msimu huu, naye atawaachia kaa bonde lake.

Hapo ndipo mradi wa mamdogo ulipoingia. Walikuwa wameuozesha mpunga wa bibi na ule mfupi, nasema kuozesha, kama watu wanavyoozwa, kwa sababu ndivyo mamdogo anavyosema, na wakapata watoto wengi. Sasa walitaka shamba la kuwajaribia, shamba ambalo chumvi inafika kweli. Mkuu wao akaja mwenyewe kuliangalia. Ni mtu wa Mlandege, Muhindi wa hapa hapa, babake alikuwa na duka la vitambaa. Sote tunamwita Daktari.

"Shikamoo, Bi mkubwa," akasema.

"Marahaba. Wewe ndo daktari?"

"Ndiye mimi."

"Basi hebu nitazame goti hili."

"Mimi daktari wa mpunga, Bi mkubwa."

"Wa mpunga!" Bibi alicheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. "Mpunga una daktari wake, anaufuata mpaka nyumbani. Na sie wenye magoti?"

Daktari naye akacheka, akakaa barazani, akanywa chai ya mkaratusi bila ya kukunja uso. Halafu akasema maneno ambayo nnayakumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nisilale kwa furaha. Alisema shamba hili likitoa jibu safi, msimu ujao mbegu zitazalishwa hapa hapa, na wanawake wa bonde hili ndio watakaopewa mwanzo. Likichafuka hana budi kwenda bonde jengine, maana mradi hauwezi kungoja.

"Safi vipi?" bibi akauliza. "Mie shamba langu halijawahi kuota jani."

"Si majani, Bi mkubwa. Kila mche tujue ndio ule ule tulioupanda."

"Utakwenda wapi?" bibi akasema. "Mpunga hauna miguu."

Tulicheka tena. Na kazi ya kuangalia kwamba kila mche ndio ule ule nikapewa mimi, kwa kuwa zilikuwa siku za likizo, na kwa kuwa mamdogo alisema mbele ya wote, "Huyu hasemi, lakini anachokishika hakidondoki."

Tulianza kitaluni. Mamdogo alinipa kitoboleo kidogo kama cha kutobolea karatasi skuli, kila mche tunakata kijiduara cha jani, tunakitia kwenye kichupa, kichupa na mche vinapewa namba moja. Nilimuuliza, kwa sababu tukiwa wawili tu naweza kuuliza, kwa nini tusingoje tu tukaona mpunga upi utakufa.

"Wewe na kaka yako mama mmoja, baba mmoja," akasema. "Wewe umepata masikio ya babu, yeye hakupata. Si ndivyo?"

Nikajishika masikio.

"Sasa masikio yanaonekana. Lakini kuvumilia chumvi hakuonekani mpaka chumvi ije. Kuwahi kuzaa hakuonekani mpaka suke litoke. Zamani wataalamu wakingoja. Wanapanda, wanangoja, wanachagua, wanapanda tena, mtu anazeeka na mbegu moja. Na bahari haingoji mtu. Siku hizi tunachungulia ndani ya jani mche ungali mdogo. Kila ulichorithi kimo mumo kwenye vinasaba vyake. Mashine inasoma, inatuambia: huu umechukua chumvi kwa mama, na kuwahi umechukua kwa baba. Huo ndio tunaoutaka."

"Na uliokosa kimoja?"

"Tunaung'oa."

Vichupa vikapelekwa maabara, Bara. Majibu yaliporudi, mamdogo akaja na uzi mwekundu, akaifunga miche iliyokosa, akaniachia mimi niing'oe, kwa kuwa yeye alitakiwa kwengine. Ile iliyobaki tukaihamishia shambani, kila mmoja na fito yake pembeni, na juu ya fito kibao cha plastiki chenye namba, nimekifunga kwa uzi mweupe. Nilifunga mwenyewe, vyote, fundo la namna moja.

Siku ile ya kung'oa bibi alisimama kwenye kingo akinitazama. Miche ilikuwa mizuri, siwezi kusema uongo. Kijani, imeshikilia, ukiuvuta unasikia mizizi inakataa.

"Unaung'oa mpunga hai?" akasema.

"Imekosa, bibi."

"Imekosa nini? Mie naiona mizima."

Nikamueleza masikio ya babu. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, hakubisha. Akasema tu nisiitupe juu ya kingo ikakauka watu wakaiona, nimpe yeye akawape mbuzi. Nikampa. Mamdogo aliponiuliza kwenye simu ile iliyokosa umeifanya nini, nikamwambia imeliwa na mbuzi.

Skuli ikafunguliwa, nikarudi mjini. Kila nilipomaliza kazi za jioni nikimpigia bibi kumuuliza hali ya shamba. Mara moja akaniambia kaa wametoka mikokoni, wamekata miche, wana meno kama mkasi. Nikaingiwa na hofu, nikamuuliza wamekata mingapi.

"Usihangaike, mwanangu," akasema. "Shamba lako halina pengo hata moja."

Nilifurahi. Nilimwambia mamdogo, yuko kitandani kwake anasuka nywele: kaa wameingia, lakini bibi kasema halina pengo hata moja. Mamdogo akasema alhamdulillahi. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Ilikuwa habari njema, nani anaihoji habari njema.

Baadaye mfanyakazi mwengine wa mradi alikwenda kukata majani mara ya pili, kuhakikisha tu, ndio utaratibu wao. Mimi nilikuwa kwenye mitihani. Siku majibu yaliporudi mamdogo hakusema kitu chakula kizima. Asubuhi akaniambia nivae, tunakwenda kusini na Daktari.

Tulipofika, Daktari alikwenda kwanza shambani peke yake. Mimi niliambiwa nimsaidie bibi kuweka chai. Aliporudi akakaa barazani na mamdogo, bibi kakaa kwenye mkeka wake anasuka, kama kawaida yake, chane za ukindu kazitandika mapajani. Bibi hupika rangi yake mwenyewe. Wengine hununua sokoni nyekundu na kijani. Yeye ana zambarau yake, haifanani na ya mtu, mikeka yake ukiikuta hata soko la Mwanakwerekwe unaijua.

Daktari akaeleza taratibu, bila ya kumtazama mtu. Akasema namba zilizoko kwenye vibao hazilingani na majani. Baadhi ya miche iliyopo shambani ni ile iliyokosa, ile iliyotakiwa kung'olewa. Namba kwenye kibao ni ya mche mzuri, lakini kilichosimama hapo ni chengine.

"Sasa nataka kujua tu," akasema. "Sigombi. Nani aliibadilisha?"

Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa fito mbili alizozing'oa, akaziweka juu ya sakafu ya baraza. Kila moja ilikuwa na kibao chake, chenye namba niliyoiandika mimi. Lakini hakikufungwa kwa uzi mweupe. Kilifungwa kwa chane ya ukindu, ya zambarau.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Mbuzi hawakupata kitu. Miche ile ilikuwa imekaa kwenye pembe ya kitalu, akiba, kama miche yote ya bibi. Kaa walipokata, bibi alishuka bondeni, akaona shamba la mjukuu wake lina mapengo na watu wanapita, akayaziba. Kaa kila walipokata mche walikata na uzi wa kibao chake, bibi akakiokota, akakifunga tena kwenye fito yake, kwa kile alichokuwa nacho mkononi. Kwa huruma. Nnajua ilikuwa kwa huruma, wala sijawahi kufikiri vyengine.

Na nikaelewa jambo jengine, kubwa zaidi. Kama ni hivyo, basi shamba halijaharibika. Kila fito yenye ukindu ni ya bibi, na kila fito yenye uzi mweupe ni ile ile niliyoifunga. Zinajulikana! Mtu angeambiwa tu, angetenganisha shamba lote kabla chai haijapoa. Hata mapengo ya kaa yangejulikana yalikuwa wapi.

Nikamtazama bibi. Bibi alikuwa akitazama ukili wake.

Nikamtazama mamdogo. Alikuwa anaziangalia zile fito. Kazaliwa juu ya mikeka ya zambarau ile, kalazwa juu yake, kaozwa juu yake na kuachika akarudi nayo. Niliona alipoijua. Kope zilishuka, kisha akamtazama mama yake upesi, akamwambia neno kwa Kikae, lugha ya huko kwao ambayo Daktari haisikii. Alimwambia, "Nyamaza, mama."

Kisha akageuka kwangu, akasema kwa Kiunguja, kwa sauti ya kazini:

"Ni wewe?"

Nikaliweka birika la chai chini.

"Si wewe uliyeniambia imeliwa na mbuzi? Si wewe uliyeniambia halina pengo hata moja?"

Bibi akavuta chane, akaipitisha chini ya mwenzake. "Mie macho yangu haya ya zamani," akasema. "Vinamba vile naviona? Mtoto ndiye aliyepewa kazi hiyo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema chai imepoa.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, uzi mweupe na ukindu, maneno machache tu. Yakaja mpaka pale yanapokwama siku zote, yakakwama. Nikasikia masikio yanawaka moto. Na kule kukaa kimya kwangu kukawa ndiyo jibu.

"Kosa langu mimi," mamdogo akamwambia Daktari. "Nilimuamini mtoto."

Daktari akanitazama kwa mara ya kwanza. Laiti angegomba. Akasema, "Si neno, binti. Kazi ilikuwa kubwa kwako." Akamgeukia bibi, akamuomba radhi kwa usumbufu. Akasema kwa kuwa vibao vimeshachanganywa na mtoto hasemi vipi, hakuna namba hata moja anayoweza kuiamini shambani mle. Kupima upya mche mmoja mmoja mradi hauna nafasi hiyo. Mpunga uliopo wausubiri, wauvune, waule, halali yao. Bibi akamwambia anywe chai kabla hajaondoka. Akanywa. Zile fito mbili akaziacha pale pale barazani. Bibi akazisogeza kwa mguu chini ya mkeka.

Mjini mamdogo alikuwa mzuri kwangu, na hilo ndilo sikuliweza. Aliniletea urojo wa Forodhani bila ya kumuomba. Alinipa kitanda cha dirishani. Siku moja baada ya alasiri nilikuwa napiga pasi nguo za skuli, akaingia, akafunga mlango, akakaa kitandani.

"Umefanya vizuri siku ile kunyamaza," akasema. "Una heshima."

Niliendelea kupiga pasi. Akaniachia ile nafasi yake ndogo, ile ninayoijua. Mara hii nikaitumia.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Ukasema mimi."

Akapumua. "Sasa ulitaka niseme nini? Mamangu mzazi, mtu mzima yule, nimsimamishe barazani kwake mbele ya mgeni? Kijiji kizima kisikie kaharibu shamba la watu? Yule hata sokoni asingetoka tena. Wewe mtoto. Mtoto kukosea ni kitu gani? Kesho watu washasahau."

"Shamba lilikuwa halijaharibika," nikasema. "Uzi mweupe wote ulikuwa sawa."

Akaanza kukunja nguo nilizokwisha kuzipiga pasi, na nikaona kwamba hilo pia alilijua. Pengine hakulijua pale barazani. Lakini njiani, au siku ya pili, alishalifikiria.

"Na kazini je?" akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Wasikie mamangu ndiye. Mimi ndiye niliyelileta shamba la mamangu. Wangeniambia nini mimi?"

Nikaichomoa pasi. Nilikuwa na swali jengine, na hilo sikulisema, nnaliandika hapa tu. Kama ningekuwa mtoto msemaji, kama kaka yangu, ambaye ukimsingizia kijiko anapiga kelele mpaka jirani wanatoka, angenichagua mimi? Hakuwa na muda mrefu wa kufikiri pale barazani. Alitafuta mahali pa kuliweka lile jambo, akaona mahali pasipotoa sauti. Miaka yote ile alivyokuwa hanihimizi, nilidhani ananielewa. Alikuwa ananielewa kweli. Heshima anayoisifu si heshima, ni koo langu, na yeye analijua koo langu kuliko mtu yeyote.

Maji ya bamvua yakaja mpunga ukiwa umeshaanza kutoa masuke. Bibi alisimulia kwenye simu, mama kaiweka kwa sauti: yameingia asubuhi, yamekaa mpaka adhuhuri, samaki wadogo walikuwa wakicheza kwenye mpunga. Wakati wa mavuno mama akanituma nimpelekee bibi sukari na unga wa ngano. Sikutaka kwenda, lakini nilikuwa na jambo langu. Nilitaka kulitembelea shamba lile na simu ya mama mkononi, nipige picha kila fito. Nilisema moyoni, nikiona palipokufa pana ukindu, na palipo na uzi mweupe pamesimama, basi sitahitaji kusema neno. Nitampelekea Daktari picha. Namba yake iko kwenye ubao wa mradi, pale njia inapoingia bondeni. Picha haihitaji koo.

Nilimsalimia bibi, nikashuka moja kwa moja. Shamba lilikuwa na mapengo. Ilikuwa ajabu kuona shamba la bibi hivyo, mahali pengine mpunga umelala manjano, umekufa, na pembeni yake mwengine umesimama na suke zito mpaka linainama. Mzima na maiti bega kwa bega. Ndicho kitu hasa ambacho mradi mzima ulikuwa ukikisubiri. Jibu lilikuwa pale, limeandikwa shambani, kila mtu anaweza kuliona.

Lakini hapakuwa na fito hata moja.

Nilitembea kila mstari. Niliona vitundu zilipokuwa zimechomekwa. Nikarudi juu mbio. Bibi alikuwa kwenye banda la jiko, ana chungu motoni.

"Bibi, fito ziko wapi?"

"Fito gani?"

"Za shambani. Zenye vibao."

"Aa, zile. Nimekokea moto." Akapuliza makaa. "Si wenyewe washaondoka? Kazi yake nini tena?"

"Na vibao?"

"Plastiki ile inanuka, mwanangu, nimeitupa shimoni."

Nikakaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Sijui kama alizichoma kwa kuwa zilikuwa kuni kavu, au kwa kuwa zilikuwa na zambarau yake. Nimelifikiria mara nyingi, na uso wake siku ile haukuniambia. Alinipakulia wali, wali wa shamba lile, mpya. Nikala. Ulikuwa mtamu, na nilikasirika kwamba ni mtamu.

Nilipomaliza akasimama, akapandisha mkono juu ya jiko, pale moshi unapopita, mahali anapotundika mbegu zake ili wadudu wasiziguse. Akashusha shada la masuke mazito, yamefungwa vizuri, kwa ukindu. Bibi hampi mtu mbegu ya pale juu. Mamdogo alipewa siku ya kuolewa, mama alipewa siku ya kuolewa. Hakuna mwengine.

"Shika. Hii yako," akasema.

Nilijua anasema nini: alikuwa ananitaka radhi. Hakuna namna nyengine ambayo bibi angelisema.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Shambani kwako."

"Kwenye mche upi? Ule wa mradi au ule uliouziba wewe?"

Mkono wake ukabaki hewani na lile shada. Nadhani hajawahi kunisikia nikisema sentensi ndefu namna ile, na ndiyo mara ya kwanza neno lile kusemwa baina yetu.

"Mpunga mzuri huu," akasema. "Umesimama kwenye chumvi. Mpunga mzuri ni mpunga mzuri."

"Mwambie Daktari, bibi. Simu hii hapa. Mwambie tu kwamba ni wewe uliyeziba na mimi sikugusa."

"Nimwambie leo kuna faida gani? Washakwenda bonde jengine."

"Mimi ndiyo faida," nikasema.

Akanitazama muda. Macho yale ya zamani, yanayoona pengo kutoka ng'ambo ya bonde. Nilidhani atasema. Nilisimama pale na simu mkononi, nimeshaibonyeza imewaka, nimemnyooshea. Kisha akageuka, akalirudisha shada juu ya moshi, akalifunga pale pale lilipokuwa, akasema nisichelewe gari.

Sikulichukua. Lipo pale mpaka leo. Mamdogo anasema nimemuumiza bibi, mbegu haikataliwi, na kwamba nimebadilika siku hizi. Msimu umekaribia, wanawake wawili watatu wa bonde wanasema watapanda kile walichokivuna shambani kwa bibi, bila ya kujua ni kipi, wengine washatia vigingi vyao vya mwani. Jana bibi alipiga tena kuuliza nitakwenda lini kuichukua mbegu yangu. Mama akaninyooshea simu.

"Mwambie nipo skuli," nikasema, hali nimekaa mbele yake. Na sauti ilitoka sawasawa, haikukwama popote.